Wewe ni nani mbele za Mungu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya aina ile ambayo waumini humpelekea mchungaji, padri, katekista au mama mlezi wa vijana baada ya ibada, wakati watu wengine wameshaondoka na muulizaji amehakikisha kwamba hakuna anayemsikia. Majibu yameandikwa kwa ajili ya Wakristo wa madhehebu yote, na aya za Biblia zimenukuliwa kutoka tafsiri ya Union Version, ambayo ndiyo waliyonayo wengi majumbani mwao.

Kujitambua katika upendo wa Mungu maana yake nini hasa?

Kila mtu anatembea na jibu fulani la swali la yeye ni nani, hata kama hajawahi kulitamka. Wengine wanajibu kwa kazi zao, wengine kwa ukoo wao, na wengi zaidi ya tunavyodhani wanajibu kwa maneno waliyoambiwa wakiwa wadogo: kwamba ni wazito, ni wabaya wa sura, ni mzigo kwa waliowalea. Imani ya Kikristo inafundisha kwamba mwenye haki ya kulijibu swali hilo ni yule aliyekuumba, na kwamba jibu lake ni kuwa unapendwa, tena ulipendwa kabla hujafanya jambo lolote la kukustahilisha.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko kwenye ubatizo wa Yesu katika mto Yordani. Sauti kutoka mbinguni ilisema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye" (Mathayo 3:17). Tazama mahali maneno hayo yalipowekwa. Yesu alikuwa na umri wa miaka kama 30, alikuwa hajahubiri hotuba hata moja inayojulikana, hajamponya kipofu, hajamwita mwanafunzi. Alikuwa fundi kutoka Nazareti. Baba alimtangaza kuwa mpendwa kabla ya kazi, na kazi yote iliyofuata ilitoka katika upendo huo. Mara baada ya hapo, jangwani, jaribu la kwanza lilianza hivi: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate" (Mathayo 4:3). Mshitaki alilenga palepale Baba alipokuwa amesema, akitaka Yesu athibitishe kwa tendo jambo ambalo alikuwa amekwisha kupewa bure. Yeyote anayehangaika kuthibitisha kila siku kwamba anafaa anapigana vita hiyohiyo.

Sauti inayoniambia kwamba sifai inatoka wapi?

Mara nyingi inatoka kwa mtu unayeweza kumtaja. Mwalimu aliyekuita kilaza mbele ya darasa, shangazi aliyesema una nuksi kwa sababu biashara ya nyumbani ilianguka mwaka uliozaliwa, baba aliyezoea kusema kwamba hufai hata kwa kulumangia. Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa, na kwa habari ya mfupa walisema kweli. Lakini mtoto hana kinga dhidi ya neno la mtu mzima anayemtegemea. Analipokea kama habari ya kweli kumhusu, na akishakua hahitaji tena kuambiwa na mtu, kwa sababu amejifunza kujiambia mwenyewe.

Nyakati nyingine sauti hiyo inatokana na kupimwa hadharani. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka nchini Tanzania, huwekwa kwenye tovuti pamoja na namba za watahiniwa, na jirani mwenye simu anaweza kujua umepata divisheni ipi kabla hujapata ujasiri wa kuangalia. Kijana aliyepata sifuri anajua ndani ya saa moja kwamba mtaa mzima umepata habari. Alichofeli ni mtihani, lakini anachokisikia ni kwamba yeye mwenyewe amefeli, na tofauti ya mambo hayo mawili hakuna anayemweleza jioni ile.

Biblia inaijua hali hii. Wapelelezi waliotumwa Kanaani walirudi wakasema kuhusu majitu waliyoyaona kule: "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi, nao ndivyo walivyotuona sisi" (Hesabu 13:33). Hakuna mahali katika habari ile panaposema kwamba waliongea na majitu hayo wakaulizana maoni. Walijiona wadogo kwanza, kisha wakaamini kwamba kila mtu anawaona hivyo, na kizazi kizima kikabaki jangwani kwa miaka 40.

Jina nililopewa lina maana mbaya. Je, limeamua maisha yangu?

Swali hili linaulizwa sana na watu walioitwa Shida, Taabu, Mateso, Masumbuko au Matatizo, majina ambayo kwa kawaida yalitolewa kwa sababu ya hali ya nyumbani siku mtoto alipozaliwa. Mzazi alikuwa akieleza njaa, msiba au ugomvi wa ndoa, hakuwa akitoa hukumu juu ya mtoto, lakini mwenye jina hulibeba peke yake baada ya shida yenyewe kusahauliwa.

Yabesi alikuwa mmoja wao. Mama yake alimwita hivyo kwa sababu alimzaa kwa huzuni, na bado maandiko yanasema alikuwa "mwenye heshima kuliko nduguze" (1 Nyakati 4:9). Alimwomba Mungu ambariki, naye Mungu akamjalia aliyoyaomba, huku akiendelea kuitwa Yabesi. Kwa upande mwingine yuko mtoto wa mwisho wa Raheli, ambaye mama yake alipokuwa akikata roho alimwita Benoni, mwana wa huzuni yangu, na baba yake akakataa asibaki na jina hilo, akamwita Benyamini (Mwanzo 35:18). Kwa hiyo njia zote mbili ziko wazi. Wapo waliobadilisha jina walipobatizwa na wakapata nafuu ya kweli, na wapo wanaoitwa Taabu mpaka uzeeni wakiwa watu wenye amani kuliko majirani zao. Jina halina nguvu ya kulizuia neno la Mungu: "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu" (Isaya 43:1). Mtu asikutishe kwamba mpaka ulipe ibada fulani maalumu ndipo utatoka katika laana ya jina lako.

Je, kuna mtu halisi aliyeharibiwa kabisa na watu, kisha akajipata katika upendo wa Mungu?

Wapo wengi, na mmoja wao alizaliwa Darfur, nchini Sudan, karibu na mwaka 1869. Alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa akiwa mtoto mdogo, na kwa sababu ya hofu na mateso akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka wakampa jina la Bakhita, yaani mwenye bahati, na akauzwa kutoka mikono hadi mikono. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki alichanjwa mwili kwa wembe, na vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yake yabaki kama pambo. Konseli wa Italia mjini Khartoum, Callisto Legnani, alimnunua mwaka 1883, na miaka miwili baadaye Bakhita akafika Italia, ambako akawa yaya wa mtoto katika familia nyingine.

Familia hiyo ilipokuwa na shughuli Sudan, Bakhita na mtoto waliachwa kwa masista Wakanosa mjini Venice. Huko ndiko aliposikia kwa mara ya kwanza habari za Mungu aliyemjua. Mama mwenye nyumba aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka, shauri likafika kwa wakuu wa serikali na wa Kanisa, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba alikuwa mtu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikuutambua utumwa. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890 kwa jina la Josephine. Tangu siku hiyo watu walimwona mara kwa mara akilibusu birika la ubatizo na kusema kwamba hapo ndipo alipofanyika binti wa Mungu.

Nakuomba usipite haraka hapa. Mwanamke huyu hakuwa na jina la kwao, hakuwa na wazazi wa kumtambulisha, na mwilini mwake alikuwa na makovu yaliyoandikwa na watu waliomhesabu kuwa mali. Makovu hayo hayakufutika. Aliishi nayo katika nyumba ya masista huko Schio kwa miongo kadhaa akiwa mpishi, mshonaji na bawabu wa mlangoni, mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na neno la mwisho kumhusu. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtaja mwanzoni kabisa mwa waraka wake wa mwaka 2007 kuhusu tumaini, akimweleza kuwa mtu aliyezoea mabwana wakatili na hatimaye akamjua Bwana anayempenda. Kwetu habari hii haiko mbali. Katika karne ileile misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani, na baadhi ya familia za pwani zinatoka kwa watu waliopoteza majina yao kwa namna hiyohiyo.

Kujiona wa thamani si kiburi?

Mtume Paulo aliwaonya Warumi kwamba mtu asijinie makuu kupita inavyompasa, bali awe na nia ya kiasi (Warumi 12:3). Kiasi kina pande mbili. Anayejidharau kupita ukweli amekosa kiasi sawasawa na anayejisifu kupita ukweli, ingawa makanisani kwetu huyu wa kwanza husifiwa kwa unyenyekevu. Paulo mwenyewe aliandika kwamba hakustahili kuitwa mtume kwa sababu aliliudhi Kanisa la Mungu, na katika sentensi inayofuata akaongeza, "Lakini kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo" (1 Wakorintho 15:10). Hakuficha aliyoyatenda na hakukaa humo. Thamani uliyopewa na mwingine haikupi sababu ya kujivuna mbele ya jirani yako, ambaye amepewa ileile.

Nitajuaje kama ni Roho Mtakatifu ananionyesha dhambi yangu au ni mimi najihukumu tu?

Hili ni swali gumu na linastahili jibu refu, kwa sababu wapo wanaotumia upendo wa Mungu kukwepa toba, na wapo waliotubu dhambi ileile kwa miaka mingi bila kupumzika. Paulo alizitenganisha huzuni mbili: ile iliyo kwa jinsi ya Mungu, inayoleta toba lisilo na majuto, na huzuni ya dunia, inayofanya mauti (2 Wakorintho 7:10). Roho Mtakatifu hutaja jambo mahususi. Anakwambia kwamba jana ulimdanganya mkeo kuhusu fedha za ada, na pamoja na hilo anakuonyesha mlango: mrudie, umwambie. Sauti ya kujihukumu haina jambo mahususi wala mlango. Inasema wewe ni mwongo, ndivyo ulivyozaliwa, na hata ukitubu utarudia.

Petro na Yuda wote wawili walimkosea Yesu usiku uleule, na wote wawili walijuta. Yuda alikwenda na majuto yake kwa makuhani, wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, naye akaondoka akiwa peke yake na hukumu yake. Petro alibaki karibu na wenzake. Yohana anasimulia kwamba Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa katika behewa, yaani ua, la kuhani mkuu (Yohana 18:18), na kwamba baada ya kufufuka, Yesu aliwasha moto wa makaa kando ya bahari ya Tiberia, juu yake pana samaki, na mkate (Yohana 21:9). Akamlisha kwanza. Kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda, kwa idadi ya mara alizomkana, na kila alipojibu akampa kazi ya kuwachunga kondoo. Kosa halikufichwa hata kidogo, maana Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu. Lakini hakuitwa msaliti. Ndivyo Bwana anavyoshughulika na dhambi ya mtu anayempenda, na sauti isiyofanana na hiyo huna wajibu wa kuitii.

Nimeokoka siku nyingi, lakini bado najiona mchafu. Je, wokovu wangu una kasoro?

Hapana. Yohana aliwaandikia waamini, watu waliokuwa tayari ndani ya Kanisa, kwamba mioyo yetu ikituhukumu, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote" (1 Yohana 3:20). Asingeliandika hivyo kama mioyo ya waliookoka haiwahukumu kamwe.

Soma tena kisa cha mwana mpotevu na uangalie hotuba aliyoiandaa akiwa kwenye nguruwe. Alipanga kusema mambo matatu: kwamba amekosa, kwamba hastahili tena kuitwa mwana, na kwamba afanywe kama mmoja wa watumishi. Alipofika, alisema la kwanza na la pili. La tatu hakulitamka, kwa sababu baba alikuwa ameshaanza kuwaagiza watumwa walete vazi lililo bora, pete na viatu (Luka 15:21-22). Wengi wetu tumerudi nyumbani kweli, lakini tunaishi kwa lile pendekezo la tatu. Tunafanya kazi kanisani tukitafuta ujira, tunaogopa kukaa mezani, tukikosea siku moja tunasubiri kufukuzwa. Baba hakulikubali pendekezo hilo, wala hakumpa nafasi ya kulisema.

Baba yangu mzazi alitutesa. Nikisikia Mungu ni Baba, moyo unafunga. Nifanye nini?

Pole sana. Usijilazimishe, na usikubali mtu akuambie kwamba ugumu huo ni uasi. Maandiko yenyewe yanakubali kwamba wazazi wanaweza kushindwa: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, Bali BWANA atanikaribisha kwake" (Zaburi 27:10). Katika Isaya 49:15 Mungu anauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, kisha anakiri kwamba naam, wanaweza, lakini yeye hatasahau. Hapimwi kwa baba yako. Baba yako ndiye atakayepimwa kwake.

Kama neno Baba ni zito kwa sasa, anza na sura nyingine ambazo Mungu amejionyesha. Hagari, mjakazi Mmisri aliyekimbia mateso ya bibi yake, Sarai mke wa Abramu, akiwa mjamzito, alikutwa na malaika wa Bwana kwenye chemchemi jangwani, akaulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi, akamwita Mungu kuwa ni Mungu amwonaye (Mwanzo 16:13). Katika nyumba ya Abramu, Sarai alipozungumza habari zake alisema tu mjakazi wangu; aliyemwita kwa jina lake ni malaika. Unaweza kuomba kwa Mungu akuonaye kwa muda wote utakaohitaji.

Sina mtoto, na ukoo umeniambia mimi ni bure. Je, Mungu ananionaje?

Katika jamii zetu mwanamke asiyezaa huambiwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa hapa, na mwanamume mgumba huambiwa hayohayo kwa kicheko. Ipo sehemu ya Biblia inayowahusu moja kwa moja, na kwa bahati mbaya haihubiriwi mara nyingi. Mungu anasema katika Isaya 56 kwamba towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, asiseme, "Mimi ni mti mkavu", kwa maana walio waaminifu kati yao atawapa, nyumbani mwake na ndani ya kuta zake, kumbukumbu na jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti, jina la milele lisilokatiliwa mbali. Hakuahidi kwamba wote watazaa. Aliahidi kitu alichokiita bora zaidi, na alikisema kwa watu ambao kwa mujibu wa torati walizuiwa kuingia katika mkutano wa Bwana.

Sasa fungua Matendo 8. Mtu wa Kushi, towashi, mwenye mamlaka juu ya hazina ya malkia Kandake, alikuwa garini akirudi kutoka Yerusalemu huku akisoma Isaya, mahali panaposema kwamba aliongozwa kwenda machinjoni kama kondoo. Hiyo ni sura ya 53. Kama aliendelea kusoma baada ya Filipo kuondoka, alikuwa na sura tatu tu kabla ya kukuta ahadi iliyomhusu yeye mwenyewe. Alibatizwa siku hiyo kwenye maji ya njiani, akaenda zake akifurahi, Mwafrika wa kwanza kusimuliwa katika kitabu hicho kuwa amebatizwa, naye hakuwa na mtoto.

Je, nikitamka kila asubuhi kwamba mimi ni mshindi, mimi ni kichwa wala si mkia, nitapona?

Kutamka neno la Mungu ni jambo jema. Lakini tamko linalolenga kujisukuma mpaka ujisikie mkubwa hurudisha mzigo mabegani mwako, maana siku utakapoamka huna nguvu ya kupaza sauti utadhani umepoteza nafasi yako. Tena mengi ya matamko hayo yanahusu gari, nyumba na maadui kuanguka. Gideoni hakujitamkia kitu. Alikuwa amejificha akipepeta ngano ndani ya shinikizo la kukamulia zabibu kwa kuwaogopa Wamidiani, ndipo akaambiwa, "BWANA yu pamoja nawe, Ee shujaa" (Waamuzi 6:12). Alibisha, akasema jamaa yake ni maskini na yeye ni mdogo katika nyumba ya baba yake, na Mungu akamvumilia kwa ishara baada ya ishara. Zoezi lenye kuponya ni kusikiliza zaidi kuliko kutamka.

Nimekata tamaa kiasi cha kutotaka kuishi. Je, nisali zaidi?

Sali, na mwambie mtu leo. Sonona ni ugonjwa unaotibika, unaoathiri usingizi, hamu ya kula na namna mtu anavyofikiri, na anayeumwa anaweza kusoma aya zote za ukurasa huu bila kuhisi chochote, pasipo kosa lake. Hospitali za mkoa na za rufaa zina huduma ya afya ya akili. Dodoma kuna Hospitali ya Mirembe na Nairobi kuna Hospitali ya Mathari, zinazojulikana kwa kazi hiyo. Mtoto anayeteswa anaweza kupiga simu namba 116 bila malipo, Tanzania na Kenya.

Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akalishwa tena (1 Wafalme 19:5-8). Mazungumzo yalikuja siku nyingi baadaye, huko Horebu. Anayekuambia kwamba kumeza dawa ni kukosa imani hajaisoma sura hiyo vizuri.

Kanisani ndiko nilikoitwa majina hayo. Nitarudije?

Huna haja ya kurudi kwa waliokuumiza ili urudi kwa Mungu. Tafuta kundi dogo la watu wanaosikiliza kuliko wanavyosema, hata kama ni wawili au jumuiya ya nyumba chache. Warumi 8:1 inasema kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, na usharika unaoishi kwa hukumu umejitenga na neno hilo, hata ukiwa na kwaya nzuri.

Nianze vipi, kwa vitendo?

Chukua daftari uandike sentensi moja inayokurudia mara nyingi kuliko zote, kwa maneno yaleyale unayoyasikia. Kando yake andika nani aliisema kwanza na ulikuwa na umri gani. Watu wengi hushangaa kuona kwamba hukumu wanayoishi nayo wakiwa na miaka 40 ilitolewa na mtu aliyekuwa na hasira, kwa mtoto wa darasa la tatu.

Kisha chagua kifungu kimoja tu na ukae nacho juma zima, kwa mfano Isaya 43:1-4, Zaburi 139 au Luka 15. Usikimbilie kingine. Kisome polepole asubuhi, na mahali panapokutia mashaka simama, umwambie Mungu kwamba hapo huamini bado. Ombi la namna hiyo ni sala kamili. Baada ya hapo msomee mtu mmoja unayemwamini ile sentensi ya kwanza kwenye daftari lako. Sehemu hii ndiyo inayowatisha wengi, nami nisingependa uiruke, kwa sababu hukumu iliyotolewa kwa kinywa cha mtu huwa inalegea inapojibiwa na kinywa cha mtu. Usitegemee kwamba itanyamaza mwezi huu.

Mimi ndiye mzazi niliyemwambia mwanangu maneno hayo. Je, nimechelewa?

Hujachelewa maadamu mko hai. Mwendee, hata kama sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na uyataje maneno uliyosema kama ulivyoyasema, kwa kuwa "kama nilikukosea unisamehe" haitamfikia. Mwambie, "Nilikuita mzigo. Ulikuwa mwanangu, na nilikosea." Usieleze jinsi maisha yalivyokuwa magumu wakati ule mpaka akuulize. Huenda atalia, huenda atakasirika, huenda atasema ameshasahau, na lolote kati ya hayo ulipokee bila kumharakisha. Ukipata nafasi, omba kumwekea mkono na kumbariki kwa jina lake lote, mbele ya ndugu zake walioyasikia yale ya kwanza.